Mkuu wa kituo anasema muziki huu ni wa Wazungu: nianze na nini?

*"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii hapa Pemba, na pia napiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarab, na kutunga. Nimepewa nusu saa kila Jumapili usiku, nami nataka kuitumia kwa muziki wa klasiki na watunzi wa Kiafrika niliowajua kupitia mtandaoni. Kipindi cha kwanza hakikwenda vizuri. Nilipiga sehemu ya pili ya Simfonia ya 7 ya Beethoven. Fundi akadhani mitambo imekatika, na wasikilizaji wawili wakapiga simu kuuliza nani amefariki. Mkuu wa kituo anasema muziki huu ni wa Wazungu na wa kanisani, na watu wetu hawatauelewa. Je, ana haki? Nianze na nini? Nahitaji ruhusa kupiga rekodi hizi? Na je, naweza kupiga tungo zangu mwenyewe, ilhali sijui kusoma nota?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza maswali manne, lakini naona chini yake kuna wasiwasi mmoja: kwamba huenda sikio la mtu wa Pemba halina nafasi ya muziki huu, na kwamba wewe unalazimisha jambo. Mimi nimeshika kazi zako zote mbili, ya kutunga na ya kutangaza, na jibu langu ni kwamba nafasi ipo, tena imeandaliwa kwa zaidi ya karne moja. Lililokosekana katika kipindi chako cha kwanza ni njia ya kuingilia, na sehemu ya kosa lile ni ya spika za redio zetu kuliko ya masikio ya watu.

Nianze na kauli ya mkuu wako, kwa sababu ina chembe ya ukweli na hutamshinda kwa kuikataa yote. Ni kweli kwamba simfonia, kwateti ya nyuzi (kundi la wapigaji wanne) na piano vilikulia Ulaya. Lakini ganuni unayoipiga wewe, fidla, selo na akodiani navyo havikuota Wete wala Chake Chake. Simulizi za taarab zinamtaja Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyewaleta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilipoundwa mwaka 1905, ala zile zilikuwa zimeanza kuwa zetu, na leo hakuna anayesema taarab asilia ni muziki wa wageni. Ala haina uraia wa kudumu. Hufuata mkono unaoipiga na masikio yanayoisubiri. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Waafrika waliochukua ogani, piano na okestra katika karne ya ishirini wakaandika yao.

Tena mkuu wako mwenyewe husimama wima kwa heshima ya mtunzi mmoja wa Kiafrika aliyewatangulia. Sauti ya "Mungu ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika viunga vya Johannesburg, na kila mtoto wa skuli aliyeimba wimbo huo wa taifa ameshaimba utungo wa Mwafrika uliopangwa kwa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja. Ukimkumbusha hilo kwa adabu, nadhani mazungumzo yatakwenda kwa upole zaidi.

Kuhusu kanisa, sema ukweli wote. Muziki mwingi wa Bach uliandikwa kwa ajili ya ibada ya Kikristo, na Fela Sowande wa Nigeria, nitakayemtaja tena, alikuwa mpiga ogani wa kanisani. Lakini sehemu kubwa ya muziki wa klasiki ni wa dansi, wa ukumbini, wa tamthilia na wa mapenzi. Kituo kinachosikilizwa na Waislamu wengi kina haki ya kuchagua, na wewe una wajibu wa kutomficha msikilizaji utungo umetoka wapi. Ukiwa na shaka juu ya utungo fulani, acha huo uchukue mwingine; hazina ni kubwa mno.

Sasa tuje kwenye kilichotokea studioni, kwani hapo ndipo penye somo. Sehemu ile ya Beethoven hufunguka kwa mlio mmoja wa ala za kupuliza, kisha wimbo wenyewe unaanza kwa sauti ndogo sana, nao unapigwa na viola, selo na besi peke yao. Redio nyingi za majumbani na simu za mkononi zina spika ndogo isiyoweza kutoa sauti nene kwa ukamilifu. Kwa hiyo utungo ulianza na sauti ambazo spika haiwezi kuzitoa, tena zikiwa katika kiwango cha chini ambacho feni ya chumbani hukifunika. Fundi hakukosea kudhani mitambo imekatika. Kwa msikilizaji aliyekaa barazani, ilikuwa kama imekatika.

Juu ya hapo kuna tatizo la tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa. Okestra inaweza kutoka kwenye mnong'ono hadi kishindo kwa tofauti ya desibeli 60 au zaidi, ilhali taarab ya kisasa na bongo fleva hurekodiwa zikiwa zimebanwa kiasi kwamba kila kitu kinakaribiana. Kituo chako bila shaka kina kifaa cha kusawazisha sauti kati ya studio na mnara. Kifaa hicho kinapokutana na mnong'ono huuvuta juu pamoja na mvumo wake, na kishindo kinapokuja hukikandamiza ghafla, mpaka muziki unasikika kama unaohema. Mtunzi alijenga mlima, na hewani kinafika kichuguu. Dawa yake ni hatua mbili. Kwanza, katika miezi ya mwanzo chagua tungo zenye kiwango cha sauti kinachokaribiana: piano peke yake, udi (ile ala ya nyuzi), kwateti, okestra ndogo ya nyuzi. Pili, kwa utungo wowote wenye mnong'ono mrefu, tengeneza nakala ya kurushia hewani, uinue sehemu ndogo kwa mkono wako taratibu katika kompyuta kabla kifaa hakijafanya hivyo kwa pupa, kisha usikilize nakala hiyo kwenye redio ndogo ya mezani huku feni inazunguka. Usiamini visikizi vya studio peke yake.

Ama wale wawili waliouliza nani amefariki, hawakuwa wajinga. Walisikia mwendo wa taratibu usio na maneno, usiotambulishwa, kutoka kituo kinachopiga nyimbo kila siku, na masikio yao yakatafuta sababu. Hawakupewa sababu, wakajitafutia.

Hapo tunafika kwenye kiini cha shida ya kuelewa. Katika taarab asilia ala zote hufuata wimbo mmoja. Fidla inaupamba hivi, ganuni vile, nai, ile filimbi, inavuta kidogo, lakini uti wa mgongo ni mmoja, na juu yake wako mwimbaji na shairi lake. Msikilizaji wetu amelelewa kuushika wimbo huo mmoja na kuyasubiri maneno. Katika muziki wa okestra ya Ulaya, mara nyingi nyimbo mbili au tatu tofauti hutembea kwa wakati mmoja, na hakuna maneno. Asiyeambiwa ashike upi, atashika mmoja, utampotea, atashika mwingine, mwishowe atachoka na kusema hakuna kitu. Sikio lake ni zima kabisa. Limekosa tu wa kulielekeza, na kazi hiyo ni yako wewe mwenye maikrofoni. Kabla ya kila utungo mwambie msikilizaji jambo moja la kulifuata, moja tu, nalo liwe jambo analoweza kulisikia kwa sikio, si historia ya maisha ya mtunzi.

Anza basi na anachokijua. Kipindi cha kwanza ningekifungua kwa bashraf, utungo wa ala tupu, kama zinavyofungua vikundi vyetu vya taarab. Bashraf ilitoka kwenye muziki wa Dola ya Uthmaniya, nayo ina sehemu inayorudi kila baada ya sehemu mpya; hata asiyejua jina la sehemu hiyo hutikisa kichwa inaporudi. Eleza hivyo, piga bashraf ya Nadi Ikhwan Safaa au ya Culture Musical Club, kisha piga sehemu ya mwisho ya sonata ya piano ya Mozart iliyochapishwa mwaka 1784, ile ya mtindo wa Kituruki. Mozart alikuwa anaiga bendi za askari wa Kituruki zenye matari na matoazi, na mkono wa kushoto wa piano unazisimamia ngoma hizo. Nayo ina sehemu inayorudi. Wengi wataitambua kwa sababu imewahi kuwa mlio wa simu. Kwa tungo mbili fupi umeshaonyesha kwamba Istanbul imefika Vienna na Unguja, kila pahala kwa mkono wake, na hujatumia neno moja gumu.

Kipindi cha pili ningempa Hamza El Din, Mnubi aliyezaliwa Toshka, kusini mwa Misri, nchi iliyozamishwa na maji ya Bwawa la Aswan. Utungo wake "Escalay" unahusu gurudumu la maji linalozungushwa na mnyama ili kumwagilia shamba, nao uko katika sura mbili. Katika rekodi ya mwaka 1971 anapiga udi mwenyewe kwa zaidi ya dakika 20. Katika albamu "Pieces of Africa" ya mwaka 1992, Kronos Quartet ya Marekani wanaupiga kwa fidla mbili, viola na selo. Piga dakika kadhaa za udi, ukishusha sauti polepole mwishoni na ukisema wazi kwamba ni kipande tu, kisha piga ile ya kwateti. La kumwambia msikilizaji ni hili: "Fuata kile kijisehemu kinachojirudia bila kuchoka, kama gurudumu, mwanzo kinatoka kwenye udi, baadaye utakisikia kwenye nyuzi za fidla." Mtu wa Pemba anayeujua udi ataingia ndani ya kwateti bila kuhisi amevuka mpaka wowote. Katika yote ninayokushauri, hili ndilo ningelifanya hata kama ningekuwa na kipindi kimoja tu.

Sowande naye apate usiku wake. "African Suite" yake ya mwaka 1944, ya okestra ya nyuzi na kinubi, ina sehemu tano, na ya mwisho, "Akinla", imejengwa juu ya wimbo wa highlife wa Afrika Magharibi. Kipindi kimoja cha redio ya taifa ya Kanada kiliutumia muziki huo kwa miaka mingi kuwa utambulisho wake, nami napenda kuwaambia watangazaji wenzangu habari hiyo, kwa sababu Wakanada hao waliusikia na kuupenda kwanza, bila kuulizana unatoka bara gani. Halafu yuko Halim El-Dabh wa Misri, ambaye mwaka 1944 alichukua kinasa sauti cha waya cha kituo cha redio cha Cairo, akarekodi waimbaji katika ngoma ya zari, ya kupunga pepo, akairudisha rekodi studioni na kuichuja, kuirefusha mwangwi na kuipunguza maneno mpaka ikawa utungo mpya. Kwetu, ambako ngoma za pepo si hadithi ya mbali, utungo huo utazua simu nyingi. Uweke baada ya msikilizaji kukuamini, na useme kwa uangalifu ni nini na si nini.

Justinian Tamusuza wa Uganda utampata katika albamu ile ile ya 1992. Utungo wake wa kwateti umebeba jina la Kiganda linalohusu njia ya msalaba, na ulitaje bila kunung'unika, lakini jambo la kusikiliza ni namna fidla zinavyopeana zamu za midundo kama wapiga ngoma wa Buganda. Waliozoea msewe, ngoma ya Pemba, wanaojua miguu inavyojibu ngoma, watauelewa mdundo huo haraka kuliko wengi wa Ulaya. Wapo na Akin Euba na Ayo Bankole wa Nigeria, Ephraim Amu wa Ghana, na Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyefariki mwaka 2023, ambaye piano yake husikika vizuri hata kwenye spika ya simu.

Wala usimtupe Beethoven. Mrudishe baada ya miezi kadhaa, na safari hiyo kabla ya kuupiga, gonga meza ya studio kwa kidole: refu, fupi fupi, refu refu. Huo ndio mdundo wa sehemu ile nzima, haubadiliki. Mwambie msikilizaji aushike huo tu, na kwamba wimbo wa pili utakapopanda juu yake, mdundo utabaki chini ukiendelea. Kisha utaona kama simu zitakazokuja zitakuwa za msiba.

Kuhusu ruhusa, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mozart alifariki 1791 na Beethoven 1827, kwa hiyo tungo zao hazidaiwi na mtu. Lakini rekodi ya juzi ya tungo hizo ina haki za waliopiga na wa kampuni iliyorekodi. Kwa Sowande aliyefariki 1987 na Hamza El Din aliyefariki 2006, utungo na rekodi vyote viwili bado vina wenyewe. Kununua albamu hukupa haki ya kuisikiliza, si ya kuirusha hewani, na kuipakua mtandaoni bila malipo ndiyo kabisa haikupi kitu. Suala hili usilimalize kwa ushauri wangu wa maandishi. Nenda na mkuu wako mkaonane ana kwa ana na watu wa COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, muwaulize kibali cha kituo kinafikia wapi na kama kinagusa rekodi za nje. Wakati huo huo anza daftari la kila kipindi: jina la utungo, mtunzi, wapigaji, kampuni na muda hewani. Daftari hilo litakusaidia mbele ya mtu yeyote atakayeuliza.

Nabaki na tungo zako. Kutojua nota hakumzuii mtu kutunga. Vizazi vya wapigaji wa taarab vilifundishwa kwa sikio, na El-Dabh alitengeneza utungo wake wa 1944 kwa kinasa sauti bila kuhitaji nota ya hata ala moja. Nota unazihitaji kwa jambo jingine: siku unapotaka utungo wako upigwe na watu wasiokujua, ukiwa hupo. Kumwomba mwingine akuandikie ni njia ya haraka, lakini atayaandika anayoyasikia yeye, na mapambo ya ganuni yako atayanyoosha. Kujifunza mwenyewe ni polepole zaidi, ila utajua ni nini kimebaki nje ya karatasi. Mimi ningejifunza, na hata baada ya hapo ningeambatanisha rekodi na kila karatasi.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo litakuokolea muda. Kwenye ganuni unageuza vijiti vidogo kando ya nyuzi ukapata ile sauti ya katikati, ya pili katika makamu (mpangilio wa sauti) ya Bayati au ya tatu katika makamu ya Rast. Piano na akodiani za kawaida hazina sauti hiyo kabisa, na mpigaji atalazimika kuchagua ya juu au ya chini. Makamu yote yatabadilika rangi, nawe utadhani amekosea. Ukitunga kwa ganuni pamoja na piano, kaa kwenye Nahawand, Ajam, Kurd au Hijaz. Ukitaka Rast na Bayati, tunga kwa fidla na selo, kwa sababu kidole cha mpigaji kinaweza kuitafuta sauti popote kwenye uzi, lakini umuonyeshe ilipo, kwani aliyefunzwa nota za Ulaya pekee hataifikia kwa bahati.

Je, uzipige kwenye kipindi chako? Ndiyo, lakini si katika wiki za mwanzo. Mtangazaji anayejipiga mwenyewe kabla msikilizaji hajamzoea huonekana ameomba nusu saa kwa ajili yake, na mkuu wako atakuwa wa kwanza kuliona hilo. Zikiwa zimeshapita wiki za kutosha, piga utungo wako mmoja, sema wazi ni wako, na mwachie mtangazaji mwenzako auteue na kuutambulisha. Ukivuka kwa boti kutoka Mkoani kuja Unguja, fika Mji Mkongwe, kwenye mazoezi ya vikundi vya taarab na kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, uombe mwalimu wa nyuzi auone. Barua na ujumbe wa simu havitoshi kwa hilo. Mkono wako kwenye ganuni lazima uonekane. Njoo na rekodi, na kama umeshaandika nota, njoo na nakala ya kila mpigaji, si moja ya kuzungukwa na watu wanne.

Na kwa mkuu wa kituo, omba vipindi vinane kabla ya kuhukumiwa, na katika kila kimoja umwachie yeye achague taarab ya kufungulia. Akishachagua, ni juu yako kutafuta utungo unaofuata vizuri baada yake.